Machame kwa siku saba, na ile siku ambayo wengi huikata

Ukiulizia bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, ofisi nyingi za Moshi na Arusha zitakutajia bei mbili: ya siku sita na ya siku saba. Ya siku sita ni nafuu, kwa sababu ada za hifadhi hulipwa kwa siku, na malipo ya wapagazi, mpishi na waongozaji nayo huhesabiwa kwa siku. Kilele ni kile kile, Uhuru, mita 5,895. Njia ni ile ile. Kinachoongezeka kwenye bei kubwa ni usiku mmoja katika kambi ya Karanga, mahali pasipo na cha kupiga picha zaidi ya mawe na ukungu. Aliyekuja kununua kilele huona usiku huo ni hasara, anaufuta, na fedha inabaki mfukoni.

Swali la kama safari ina uzito kuliko mwisho wake hujibiwa mara nyingi kwa maneno matamu. Mlimani linajibika kwa mita na saa, na jibu lenyewe si tamu sana: ukizikata siku za njiani, huo mwisho unaoutamani ndio wa kwanza kukuponyoka.

Kanuni inayofuatwa na watu wa milimani ni hii. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne upate siku ya kubaki mwinuko ule ule. Sababu yake ni hewa. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, uwe Tanga ufukweni au Uhuru kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo, ambao kileleni ni kama nusu ya ule wa pwani. Kila pumzi huingiza nusu ya ulichozoea. Mwili huanza kwa kupumua haraka, lakini kupumua haraka huipunguzia damu tindikali, na ubongo ukiona hivyo hukaza breki, hasa usiku. Breki hiyo hulegea pale figo zinapotoa bikaboneti (kemikali inayopunguza tindikali ya damu) kwa njia ya mkojo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na haijali una misuli ya aina gani. Ndiyo maana kijana mcheza mpira hulala chali kambini huku mama wa miaka 60 akiomba supu ya pili.

Siku ya 1: Lango la Machame (mita 1,800) hadi Kambi ya Machame (3,000)

Kazi ya langoni hula saa moja hadi mbili. Kila mgeni hujiandikisha kitabuni, mwongozaji mkuu hufuatilia kibali, na wapagazi hupanga foleni kwenye mizani. Mpagazi mmoja habebi zaidi ya kilo 20 za mzigo wa kikundi, mbali na vitu vyake mwenyewe. Begi la mgeni lisizidi kilo 15, begi la kulalia likiwa ndani. Kwa wageni wawili tu, msafara hufika watu kumi hivi: mwongozaji, msaidizi wake, mpishi, na wengine wote ni wapagazi wa mahema, chakula, gesi na mabegi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo zifungwe kwenye mifuko ya kudumu isiyopitisha maji. Zifungwe kweli kweli, kwa sababu mchana msitu huu hunyesha hata katika miezi inayoitwa ya kiangazi.

Njia ni kilomita 11, mpando wa mita 1,200, saa tano hadi saba za kutembea. Kosa la siku ya kwanza ni mwendo. Miguu ina nguvu, njia imetengenezwa vizuri, na wapagazi wanakupita na masanduku kichwani. Mtu anaona haya, anaongeza kasi. Kipimo cha mwendo ni mdomo: kama huwezi kumaliza sentensi nzima bila kukatisha pumzi, punguza. Anayefika kambini kwa saa nne hufika amelowa jasho, ana kiu, na saa tatu usiku kichwa kinamuuma. Ataulaumu mwinuko, kumbe ni maji. Lita tatu kwa siku ni za lazima kuanzia leo, nne ni bora, na zinywewe kidogo kidogo njiani, si zote kambini jioni.

Kutembea taratibu kuna malipo yake. Matawi yameningʼinia ndevu za kijani, mbega huruka juu, na pembeni mwa njia, chini kabisa penye unyevu, kuna ua dogo la nyekundu na njano lenye mkia uliopinda kama mkonga. Hilo ni Impatiens kilimanjari, halioti porini popote duniani ila mlima huu. Wengi hulipita bila kuliona kwa sababu macho yapo kwenye visigino vya aliye mbele.

Wanaotumia Diamox (asetazolamidi) huwa wameianza jana yake. Kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni. Dawa hii huzisukuma figo kutoa bikaboneti mapema, yaani huharakisha kazi ambayo siku zingeifanya zenyewe. Vidole vitachonyota, soda itapoteza ladha, na utaamka kwenda haja ndogo mara mbili au tatu usiku. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza, na yeyote anayepanga kuitumia aijaribu akiwa nyumbani, si hapa.

Siku ya 2: Kambi ya Machame hadi Shira (3,840)

Kilomita tano tu, lakini ni mpando mtupu. Msitu unakatika ghafla ndani ya nusu saa ya kwanza, vinaanza vichaka vya erika, halafu mawe. Saa nne hadi sita.

Leo kanuni inavunjwa: ongezeko la mahali pa kulala ni mita 840. Njia haina kambi katikati, kwa hiyo dawa ni kufika mapema, kupumzika saa moja, kisha kupanda mita 100 au 150 juu ya kambi na kurudi kulala. Waongozaji husema panda juu, lala chini. Usiku wa leo ndio wa kwanza kwa wengi kuhisi kichwa kizito na usingizi wa kukatikakatika, mtu anaacha kupumua sekunde chache kisha anavuta pumzi kubwa na kushtuka. Inatisha ukiisikia kwa mwenzako hemani, lakini peke yake si ugonjwa. Ndiyo ile breki.

Siku ya 3: Shira, Lava Tower (4,600), Barranco (3,960)

Kwenye ramani siku hii inaonekana ya kipuuzi. Unatembea kilomita kumi hivi, unapanda mita 760, unakula chakula cha mchana kwenye baridi kali chini ya mnara wa mawe, halafu unateremka mita 640 na kulala mita 120 tu juu ya jana. Saa sita hadi nane kwa faida ya mita 120. Na kuna njia ya chini inayokatiza moja kwa moja hadi Barranco bila kugusa Lava Tower. Wapagazi huipita hiyo kwa sababu hawana cha kutafuta juu. Ukiwa umechoka utashawishika.

Usiifuate njia hiyo ya mkato, labda mwongozaji aamue hivyo kwa ajili ya afya yako. Saa moja au mbili ulizokaa kwenye mita 4,600 ndizo zinazouambia mwili nini kinakuja, na kuteremka kunaupa nafasi ya kujijenga usiku kucha. Lava Tower inakaribia sana kimo cha Barafu, kambi utakayolala siku mbili baadaye. Aliyekula hapa mchana akarudi chini, Barafu haitamshangaza.

Lakini ule kweli. Hamu ya chakula hupotea kuanzia hapa, na mpishi mzuri anajua: supu kwanza, ya maboga au tango, yenye tangawizi, halafu wali au ndizi, nyama kidogo. Mafuta mengi hayapiti. Sahani ikirudi jikoni haijaguswa, mpishi humwambia mwongozaji kabla ya mgonjwa mwenyewe kusema.

Hapa ndipo uchunguzi wa jioni unapoanza kuwa na maana. Mwongozaji huuliza maswali yale yale kila siku: kichwa, tumbo, usingizi, kizunguzungu, mkojo. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kwenye Lava Tower kusoma 75 hadi 85 ni kawaida. Barranco jioni kitapanda. Vidole vya baridi na rangi ya kucha hukidanganya kifaa, kwa hiyo vipashe mikono joto kwanza. Namba moja haimrudishi mtu wala haimruhusu. Kinachoangaliwa ni namba pamoja na mtu mwenyewe. Kichwa kinachouma kidogo na kutulia kwa maji, chakula na paracetamol ni cha kawaida. Kichwa kisichotulia, pamoja na kutapika, ni amri ya kutopanda tena mpaka kitulie.

Dalili mbili hazijadiliwi. Ya kwanza ni kuyumba: mchore mstari kwenye vumbi, mwambie atembee kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine, hatua kumi. Akitoka nje ya mstari kama mlevi, ubongo unavimba. Ya pili ni kuhema akiwa ameketi, na kikohozi chenye sauti ya maji kifuani, pengine makohozi ya povu la waridi. Hapo mapafu yanajaa. Kwa zote mbili tiba ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Deksamethasoni (miligramu 8 mwanzo, kisha 4 kila baada ya saa sita) kwa ubongo, nifedipini ya kuyeyuka taratibu (miligramu 30) kwa mapafu, na mtungi wa oksijeni, vyote hivyo ni vya kumpa mtu nguvu ya kushushwa. Havimruhusu kubaki.

Njia ya kuteremkia Barranco inapita kwenye senesio kubwa, mimea yenye shina nene lililovikwa majani makavu, vichwa kama kabeji. Majani yaliyokufa hayadondoki. Ndilo koti lake la usiku.

Siku ya 4: Ukuta wa Barranco na Karanga (4,000)

Ukuta una kimo cha mita 250 hivi na huchukua saa moja hadi mbili. Hauhitaji kamba, unahitaji mikono. Fimbo zikunjwe na kufungwa kwenye begi kabla ya kuanza. Anayepanda na fimbo zikiningʼinia kwenye viganja atazikwamisha kwenye nyufa. Kivuli cha asubuhi huacha utando wa barafu kwenye mawe, na vikundi vyote hutaka kuondoka saa moja na nusu, kwa hiyo foleni hukaa imesimama kwenye baridi. Ni afadhali kunywa chai ya pili na kuondoka saa tatu. Mpagazi akitaka kupita, wewe simama upande wa mlima, yeye apite nje. Amezoea, na mzigo wake ukigusa jiwe upande wa ndani anaweza kusukumwa. Kuna mahali pembamba ambapo kila mtu hukumbatia jiwe kifua kwa kifua na kuvuka, wapo wanaolibusu.

Juu ya ukuta ni mita 4,200 hivi, Kibo, koni kuu ya mlima yenye kilele cha Uhuru, ikiwa mbele yako yote. Halafu njia inashuka na kupanda mabonde, la mwisho likiwa la mto Karanga, mteremko mkali na mpando mkali, na kambi ipo juu ya ukingo. Kilomita tano kwa jumla, saa nne hadi tano. Unafika saa nane mchana, na hapo ndipo wa siku sita na wa siku saba wanapoachana.

Wa siku sita wanakula na kuendelea. Bado wana kilomita nne na mita 670 za kupanda hadi Barafu. Wanafika saa 11 au 12 jioni, wanakula bila hamu, wanalala kwa muda wa saa nne ikiwa usingizi unakuja, na saa tano usiku wanaamshwa kwenda kileleni. Wa siku saba wanavua viatu.

Tuzipange kambi kwa mita. Siku saba: 3,000, 3,840, 3,960, 4,000, 4,670. Siku sita: 3,000, 3,840, 3,960, 4,670. Karanga haikupandishi hata mita 50 kutoka Barranco, na hiyo ndiyo faida yake. Ni usiku wa tatu mfululizo karibu na mita 4,000, na kesho yake unafika Barafu mchana badala ya magharibi. Linganisha na Marangu ya siku tano, inayolala kwenye vibanda: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu kwa usiku, mara mbili. Njia hiyo ina mteremko mpole kuliko zote na watu huiita rahisi, na watu wengi hurudi bila kilele kwa sababu hiyo hiyo. Ukiongeza usiku wa pili Horombo mambo hubadilika kabisa.

Kuna atakayesema: mbona Karl Egloff, mkimbiaji wa milimani, mwaka 2014, alipanda na kushuka mlima huu kwa saa 6 na dakika 42? Ni kweli. Lakini Egloff ni mzaliwa wa Quito, mji ulio mita 2,850 juu ya bahari, na maisha yake ameyatumia kwenye milima mirefu. Siku zake alizitembea kabla hajafika langoni.

Na waliokuwa wa kwanza kufika kileleni hawakufika kwa mbio. Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akazuiwa na barafu. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller alibadilisha jambo moja kubwa: alipanga kambi za chakula njiani, ili wakishindwa wasilazimike kurudi mpaka chini kabisa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko (shimo la volkano juu ya mlima), muda ukawaishia, wakateremka. Tarehe 6 Oktoba walifika kileleni. Bila ghala zile, tarehe 3 ndiyo ingekuwa mwisho wa habari.

Siku ya 5: Karanga hadi Barafu (4,670)

Kilomita nne, saa nne, jangwa la mawe. Barafu hakuna maji. Mto Karanga ndiyo chemchemi ya mwisho, kwa hiyo maji yote ya kupikia, ya kunywa na ya chupa za kileleni hubebwa na wapagazi kutoka jana, madumu ya lita 20 kichwani. Ukinawa uso Barafu, kumbuka yametoka wapi.

Ni hapa Barafu pia ambapo swali la safari na mwisho linapata sura nyingine ambayo wageni hawaioni. Wengi wa waliotembea na wewe siku tano hawaendi kileleni. Wagumu, kama wapagazi wanavyoitana, wanaishia hapa. Watalala, watakunja kambi, watakusubiri na juisi. Yupo mpagazi aliyepanda mara nyingi asizoweza kuzihesabu na hajawahi kuliona bango la Uhuru. Ukimwambia kuwa safari ndiyo yenye maana kuliko kufika, anaweza kukubali, ila atataka kujua kwanza kama amepimiwa mzigo kwa haki na amelala kwenye hema lenye sakafu.

Mchana: kula, lala, kula tena saa 11 jioni. Kambi ipo kwenye ukingo wenye majabali, kwa hiyo njia ya chooni ijue mchana. Kabla ya kulala, panga hivi:

Betri mpya kwenye tochi ya kichwani, na za akiba ndani ya begi la kulalia, kwa sababu baridi huzimaliza. Simu nayo ilale humo. Maji lita mbili hadi tatu, ya moto, kwenye chupa zenye mdomo mpana, zikiwekwa kichwa chini ndani ya soksi. Maji huganda kuanzia juu, kwa hiyo mdomo utabaki wazi. Mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea usiutegemee. Mpira huganda ndani ya saa mbili, hata ukipuliza maji yarudi ndani kila baada ya kunywa. Miguuni tabaka tatu, kifuani nne, glavu nyembamba ndani ya nene. Soksi moja nene, si mbili: soksi mbili ndani ya buti linalobana huzuia damu, na vidole huganda kwa kubanwa kabla ya kuganda kwa baridi. Chokoleti na biskuti ziwe mfuko wa ndani, la sivyo utatafuna jiwe.

Siku ya 6: Barafu, Stella, Uhuru, Mweka (3,100)

Unaamshwa saa tano usiku, chai na biskuti, mnaondoka saa sita. Kwa nini usiku? Kokoto na vumbi la volkano vimeganda na vinashika mguu, mawingu bado hayajapanda, na baada ya kilele kuna mteremko wa karibu mita 2,800 unaotakiwa kumalizika kabla ya giza la pili. Jua la asubuhi ni zawadi ya ratiba, halikuwa sababu.

Kutoka Barafu hadi Stella Point (5,756) ni mita 1,086 za kwenda juu kwa saa tano hadi sita, karibu mita 200 kwa saa. Ni mwendo ambao chini ungeuona wa dhihaka: hatua, pumzi, hatua, pumzi. Baridi huwa nyuzi 10 hadi 15 chini ya sifuri, na upepo huongeza makali. Mapumziko yasizidi dakika tatu au nne, mkiwa mmesimama. Anayekaa hupoa, anayepoa husinzia, na usingizi wa mita 5,400 ni vigumu kumwamsha mtu akatembee tena.

Saa kumi alfajiri ndiyo saa mbaya. Hakuna mwanga, kilele hakionekani, mstari wa tochi juu yako unaonekana kama haupungui. Hapa ndipo hesabu ya siku tano zilizopita inaposomwa. Msaidizi wa mwongozaji hutembea nyuma akiangalia miguu: anayekanyaga nje ya njia, anayejibu swali kwa kuchelewa, anayevua glavu na kusahau kuzivaa. Huwauliza mambo madogo, jina la mtoto, saba mara nane. Mtu aliyechoka hujibu kwa hasira. Mtu anayeanza kuumwa hujibu ovyo au hajibu. Wa pili hugeuzwa hapo hapo na kushushwa na msaidizi mmoja, ndiyo sababu kikundi kinahitaji zaidi ya mwongozaji mmoja. Kikundi cha watu wanne chenye mwongozaji mmoja kina maana kwamba mmoja akiumwa, wote wanashuka, au mbaya zaidi, mgonjwa anaburutwa juu.

Stella ni ukingo wa kasoko. Cheti cha kufika hapa kipo, tofauti na kile cha Uhuru, na hakina aibu yoyote. Uhuru ni dakika 45 hadi saa moja zaidi, mita 139 tu za kupanda, barafu za kusini zikiwa upande wa kushoto. Barafu hizo zimepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na ukuta wake umesimama wima, wa buluu hafifu, umekaa juu ya majivu makavu kama kitu kilichosahauliwa. Bendera ya Tanganyika na Mwenge vilipandishwa kilele hiki na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa uhuru, Desemba 1961. Jina lilitoka hapo.

Kileleni kaa dakika 15, zisizidi 20. Foleni ya bango huzila zote, kwa hiyo picha ya kikundi iwe ya kwanza, za mtu mmoja mmoja baadaye. Huko kote ulikotoka, siku tano na nusu, na mahali penyewe unapewa robo saa. Wengi hushangaa kwamba hawahisi chochote. Si kasoro, ubongo una nusu ya hewa. Furaha huwa inakuja kwenye mita 4,000, ukiwa na sahani ya wali.

Kuumia kwingi hutokea sasa. Kokoto zimeyeyuka, mguu unateleza hatua mbili kwa kila moja, magoti yamechoka na akili imeshafika nyumbani. Kaza kamba za buti kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele. Kucha ziwe zimekatwa fupi tangu siku ya kwanza, la sivyo mbili au tatu zitakuwa nyeusi kabla ya Mweka. Fimbo zirefushwe kwa sentimita 10. Kanyaga kwa kisigino, magoti yakiwa yamelegea. Barafu unafika saa nne au tano asubuhi, unalala saa moja, unakula, halafu kuna saa tatu au nne nyingine hadi Mweka. Aliyetumia nguvu zote kufika Uhuru hulipa deni lake hapa, kilomita 12 mfululizo kwenda chini.

Siku ya 7: Mweka hadi Lango la Mweka (1,640)

Kilomita kumi, saa tatu hadi nne, msitu, tope. Vidaraja vya magogo vina utelezi kuliko mawe, usivikanyage katikati. Kichwa kimepona, hamu ya kula imerudi yote.

Bahasha za wapagazi ziandaliwe kambini kabla ya kuondoka asubuhi, si langoni penye wauza fulana na haraka ya gari. Kila mmoja apewe mkononi mwake, na kiasi kisomwe mbele ya wote kwa cheo: mwongozaji, msaidizi, mpishi, mpagazi. Fedha ikikabidhiwa kwa mtu mmoja ili agawe, wa mwisho kwenye foleni ndiye atakayepunjwa. Langoni mwongozaji huwasilisha majina ya waliofika Stella na ya waliofika Uhuru, vyeti huandikwa, na unasaini kitabu cha kutoka. Angalia herufi za jina lako kabla cheti hakijagongwa muhuri. Kurudi kulirekebisha kutoka Moshi ni nusu siku nyingine.